Beringi ya hewa: Haitaki grisi, lakini ina masharti yake

WAMILIKI wa mashine za kusaga na kukoboa nafaka wanaijua vizuri sauti ya beringi inayokaribia kufa. Huanza kama mluzi mdogo, baadaye hugeuka ngurumo, na mwisho shafti inapata moto kiasi cha kuunguza mkono.

Siku hiyo wateja hurudi nyumbani na magunia yao au huyapeleka kwa jirani, na fundi huondoka na fedha ya spea pamoja na ya ufundi wake.

Mara nyingi chanzo ni vumbi la unga kuingia kwenye grisi, au grisi kuisha bila mtu kujua. Wapo pia wanaoua beringi kwa wema, yaani wanashindilia grisi hadi inakosa nafasi ya kusogea, inachemka na kuyeyuka.

Ndiyo maana mtu anaposikia kuwa ipo beringi isiyowekwa grisi wala oili, na ambayo shafti yake huzunguka bila kugusa chuma chochote, swali lake la kwanza huwa ni bei.

Beringi hiyo ipo, na wala si ngeni. Huitwa beringi ya hewa, kwa sababu kinachobeba shafti ni utando mwembamba wa hewa hii hii tunayovuta. Viwandani imefanya kazi kwa miaka mingi, na inawezekana kabisa kwamba msomaji anayo moja dukani kwake bila kujua, kama tutakavyoona.

Lakini kabla mtu hajaanza kuiotea ndoto kwenye mashine yake ya mahindi, inafaa aelewe jinsi inavyobeba mzigo. Hapo ndipo hesabu inapowakubali wengine na kuwakataa wengine.

Kizibo kilichogoma

Ukiangusha karatasi kwenye sakafu laini, mara nyingi haitui palepale. Huteleza hatua moja au mbili kana kwamba imepakwa mafuta. Hewa iliyobanwa chini yake ndiyo inayoibeba kwa muda huo mfupi.

Jambo hilo lilianza kueleweka kwa upande wa oili. Mwaka 1883, mhandisi wa Uingereza, Beauchamp Tower, alikuwa akifanya majaribio ya beringi za ekseli za mabehewa ya reli. Alitoboa tundu juu ya beringi ili aweke chombo cha kudondoshea oili.

Mashine ilipozunguka, oili badala ya kushuka ilipanda na kumwagika kupitia tundu hilo. Akaliziba kwa kizibo, kizibo kikasukumwa nje. Akapigilia cha mbao, nacho kikatoka.

Alipofunga geji ya presha, iligota zaidi ya ratili 200 kwa kila inchi mraba, wakati mzigo wenyewe ulikuwa wastani wa ratili 100. Shafti ilikuwa haikai kwenye chuma. Ilikuwa inaelea juu ya oili ambayo yenyewe, kwa kuzunguka, iliivuta na kuibana chini yake.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1886, Profesa Osborne Reynolds wa Manchester aliandika hesabu inayoeleza sababu. Shafti haikai katikati kabisa ya tundu lake, hivyo upande mmoja mwanya ni mpana na upande mwingine ni mwembamba, mfano wa kabari. Oili ikivutwa kutoka penye upana kwenda penye wembamba, hukosa pa kwenda na presha yake hupanda.

Hesabu hiyo haiulizi kama kilichomo kwenye mwanya ni oili, maji au hewa. Inauliza mnato wake, kasi ya shafti na upana wa mwanya.

Wazo la kutumia hewa lilikuwa limeshatolewa mwaka 1854 na Gustave Adolphe Hirn wa Alsace, Ufaransa. Aliyelithibitisha kwa macho ya watu ni Albert Kingsbury wa Marekani, aliyekuwa profesa katika chuo cha New Hampshire. Mwaka 1897 alichapisha matokeo ya majaribio ya pistoni ya chuma yenye kipenyo cha sentimita 15 hivi na uzito wa zaidi ya kilo 20, iliyozunguka ndani ya silinda kwa hewa tupu.

Kasoro ya hewa ni moja, nayo ni kubwa. Mnato wake ni mdogo mno. Maji yana mnato wa zaidi ya mara 50 ya hewa, na oili za mashine huzidi hewa kwa maelfu. Kwa hiyo ili hewa ibebe mzigo ule ule, ama shafti iende kasi sana, ama mwanya uwe mwembamba sana, ama hewa isukumwe kwa nguvu kutoka nje.

Ya kompresa na isiyo na kompresa

Hapo ndipo zinapopatikana aina mbili za beringi hizi. Ya kwanza hulishwa hewa na kompresa kupitia matundu madogo. Shafti inaelea hata ikiwa imesimama, na ukiisukuma kwa kidole inaanza kuzunguka.

Ya pili haina kompresa. Inajitengenezea presha kwa kasi yake yenyewe, kama oili ya Tower.

Kwenye aina ya kwanza, mwanya kati ya shafti na beringi huwa kati ya maikroni 5 na 20 hivi. Maikroni moja ni sehemu ya elfu moja ya milimita, na unywele wa mtu una unene wa maikroni 70 hivi.

Wembamba huo una gharama yake, kwa sababu fundi wa kuuchonga lazima awe na mashine nzuri na vipimo vizuri zaidi. Mtu anaweza kujiuliza kwa nini wasiupanue kidogo, hata uwe maikroni 20 badala ya 10, kazi ikawa rahisi.

Jibu lipo kwenye bili ya umeme. Hewa inayovuja kwenye mwanya haiongezeki mara mbili mwanya ukiongezeka mara mbili. Huongezeka mara mbili, mara mbili tena, na mara mbili tena, yaani mara 8. Kompresa iliyotosha jana itatakiwa itoe hewa mara 8 ili presha ibaki pale pale.

Na hewa ya kompresa si ya bure, ingawa wengi huiona hivyo kwa kuwa haina rangi. Sehemu kubwa ya umeme unaoingia kwenye kompresa huishia kuwa joto.

Tundu la kulishia hewa nalo lina hesabu yake, na hapa ndipo wabunifu hutumia muda mwingi kuliko penginepo. Mzigo ukiongezeka, shafti hushuka kidogo, mwanya wa chini hubana, hewa hukosa pa kutokea kwa urahisi, presha hupanda na kuisukuma shafti irudi juu. Beringi inajirekebisha yenyewe.

Lakini tundu likiwa kubwa mno, presha ya ndani huwa tayari ni sawa na ya kompresa, na haina tena pa kupanda. Likiwa dogo mno, hewa haitoshi hata kuinua shafti. Ugumu wa beringi, yaani uwezo wake wa kutokuyumba, huwa mkubwa presha ya ndani ikiwa kati ya nusu na theluthi mbili hivi ya presha ya kompresa.

Wengine huchimba kijishimo mbele ya tundu ili hewa isambae vizuri na beringi ibebe zaidi. Kikiwa kidogo hakina neno. Kikizidi ukubwa, hewa iliyomo huanza kubanwa na kufunguka kama springi, na beringi hutetemeka kwa kishindo kama nyundo inayogonga. Baadhi ya watengenezaji hukwepa balaa hilo kwa kutumia kaboni yenye vitundu vingi mno visivyoonekana, hewa ikapenya uso mzima.

Inabeba kilo ngapi?

Chukua pedi ya mviringo yenye kipenyo cha sentimita 10, inayolishwa hewa ya kilo 5 kwa kila sentimita mraba. Presha hiyo haifiki hata ya tairi la lori.

Eneo la pedi ni sentimita mraba 78 na ushee. Kwa hesabu ya haraka mtu angesema itabeba karibu kilo 390. Haibebi hivyo, kwa sababu presha hushuka kadiri hewa inavyokimbilia ukingoni, na lazima ibaki akiba ya kujirekebisha. Kwa kazi halisi huhesabiwa robo hivi, yaani karibu kilo 100.

Sasa weka pembeni beringi ya gololi namba 6205, ambayo fundi yeyote wa mashine anaijua. Ina tundu la milimita 25, kipenyo cha nje cha milimita 52 na upana wa milimita 15 tu. Mzigo inaoweza kuhimili ikiwa imesimama ni karibu kilo 800.

Kwa kubeba uzito, basi, gololi na grisi zinashinda bila ubishi. Anayenunua beringi ya hewa hanunui nguvu. Ananunua kasi, utulivu, usafi, na chuma kisichogusana na chuma.

Ndiyo maana aina hii ilikuta kazi yake kwenye mashine za kupima vipuri kwa usahihi mkubwa, na kwenye mota za kutoboa zile sahani zinazofungwa ndani ya redio na simu. Kampuni ya Westwind ya Poole, Uingereza, imejulikana kwa mota za namna hiyo, ambazo huweza kuzunguka zaidi ya mara 300,000 kwa dakika. Kwa mwendo huo gololi za kawaida zingeungua mapema sana.

Bati jembamba lililookoa kazi

Aina ya pili, isiyo na kompresa, ilisumbua wabunifu kwa muda mrefu. Shafti nyepesi inayokwenda kasi ndani ya tundu la mviringo ina tabia ya kuanza kulizunguka tundu lenyewe, kwa mwendo wa karibu nusu ya kasi yake, kama sarafu inayoyumba kabla ya kulala. Ikianza hivyo, haichukui muda kugonga ukuta.

Dawa iliyofanikiwa zaidi ni kuacha kuchonga tundu gumu, na badala yake kuizungushia shafti bati jembamba linalokaa juu ya bati jingine lenye mikunjo midogo kama ya bati la paa. Shafti ikiyumba, bati hunepa, na kusuguana kwa mikunjo hiyo hupunguza mtikisiko. Pia joto likitanua chuma, mwanya hujipanga wenyewe.

Beringi za bati zilipata jina kwenye ndege. Mitambo ya kupozea hewa ya abiria katika DC-10, ndege iliyoanza kubeba abiria mwaka 1971, ilitumia beringi hizo, na mitambo ya namna hiyo imeendelea kuzitumia.

Jambo moja linawashangaza wengi. Oili ikipata moto huwa nyepesi na hupoteza nguvu ya kubeba. Hewa hufanya kinyume, mnato wake hupanda kadiri joto linavyopanda. Watafiti wa kituo cha Glenn cha shirika la anga la Marekani, NASA, kilichopo Cleveland, walitengeneza rangi maalumu za kupaka shafti ili beringi za bati zifanye kazi hata kwenye joto la zaidi ya nyuzi 500, ambako oili yoyote ingekuwa imeshaungua.

Hesabu ya mashine ya mahindi

Mwaka 2000, wawili kati ya watafiti hao, Christopher DellaCorte na Mark Valco, walitoa kanuni fupi ya kukadiria mzigo wa beringi za bati. Ni rahisi kiasi kwamba inaweza kufanywa nyuma ya daftari la madeni.

Zidisha urefu wa beringi kwa kipenyo chake, kwa inchi. Zidisha tena kwa kipenyo. Halafu zidisha kwa maelfu ya mizunguko kwa dakika. Mwisho zidisha kwa namba ya ubora: beringi za mwanzo zilipata kati ya 0.1 na 0.3, na zilizo bora zilifika 1 au kuzidi kidogo. Jibu huja kwa ratili.

Beringi bora ya inchi 2 kwa inchi 2, ikizunguka mara 60,000 kwa dakika, inapata ratili 480. Hizo ni karibu kilo 218, na ni nyingi kwa kitu kinachobebwa na hewa.

Ichukue beringi hiyo hiyo uifunge kwenye mashine ya kusagia ya nyundo inayozunguka mara 3,000 kwa dakika. Jibu ni ratili 24, chini kidogo ya kilo 11.

Mbili zingebeba kilo 22. Shafti ya mashine hiyo, pamoja na sahani zake, nyundo na puli, inaweza kuzidi hapo kabla hata mkanda haujavutwa. Na mkanda ukikazwa vizuri, mvuto wake peke yake unatosha kuilaza shafti juu ya bati.

Fundi mjanja atasema beringi ipanuliwe. Ikiwa inchi 4 kwa inchi 4, uwezo huongezeka mara 8 na kufika karibu kilo 87. Kwenye karatasi hilo linaanza kupendeza.

Lakini sasa shafti nayo lazima iwe na unene wa inchi 4 pale penye beringi, ichongwe na kung'arishwa kwa usahihi ambao karakana nyingi za mitaani hazina vifaa vyake. Bado kuna mapigo ya punje ngumu, na jiwe linalopita na mahindi yasiyopepetwa. Utando wa hewa wa maikroni chache hauna nguvu ya kupokea kipigo kama hicho.

Na ya kompresa je? Ingebeba zaidi, lakini mwenye mashine ya dizeli atalazimika kuendesha mashine ya pili ili ya kwanza izunguke. Kompresa ikizimika ghafla wakati shafti iko kwenye mwendo, chuma kitakutana na chuma papo hapo, ndiyo maana mitambo ya namna hiyo huwekewa tangi la akiba la hewa.

Kwa hiyo mwenye mashine ya unga abaki na grisi yake. Akiuziwa beringi kwa maneno kwamba "haihitaji grisi kabisa", ajue hiyo ni ile iliyozibwa pande zote mbili na kuwekwa grisi kiwandani. Ni beringi nzuri penye vumbi, lakini si ya hewa, na grisi yake ikizeeka nayo imekwisha.

Inakolipa

Yapo mazingira mengine yanayomgusa mkulima na mfanyabiashara ambako hesabu inageuka. Mmoja ni umeme wa gesi ya samadi na mabaki.

Kampuni ya Capstone ya California ilianza mwishoni mwa miaka ya 1990 kuuza majenereta madogo ya tabo, ambayo baadhi ya aina zake huchoma gesi ya samadi. Lile la kilowati 30 lina shafti moja tu inayozunguka, juu ya beringi za hewa za bati, kwa mizunguko hadi 96,000 kwa dakika. Hakuna oili ya kubadilisha kwa sababu hakuna oili.

Ufanisi wake wa kugeuza gesi kuwa umeme ni karibu asilimia 26, na jenereta nzuri ya pistoni inaweza kulizidi. Linachompa mwenye shamba kubwa au machinjio ni matengenezo machache na joto safi la kukaushia au kuchemshia maji.

Eneo jingine ni feni za kasi za kusukuma hewa kwenye mabwawa ya kusafisha majitaka ya viwanda na miji. Zipo zinazotumia beringi za bati, na viwanda vya Korea Kusini ni miongoni mwa vilivyozitengeneza kwa wingi. Faida mojawapo ni kwamba hewa inayotoka haina chembe ya oili.

Na ile iliyopo dukani? Ni diski ya ndani ya kompyuta, ile ya zamani inayozunguka. Kichwa kinachosoma kumbukumbu za mauzo hakigusi sahani. Kinaelea juu ya hewa inayovutwa na sahani yenyewe.

Kwenye diski ya kwanza ya IBM, ya mwaka 1956, mwanya huo ulikuwa wa maikroni 20 na ulihitaji hewa ya kompresa. Kwenye diski za miaka hii umepungua hadi nanomita chache, na nanomita 1,000 ndizo zinazofanya maikroni moja. Kompyuta ikigongwa ikiwa inafanya kazi, kichwa kinaweza kulima sahani, na daftari lote la mwaka likapotea. Wenye kompyuta zinazotumia kumbukumbu zisizozunguka hawana hofu hiyo.

Adui wa beringi hizi ni vumbi na maji. Hewa ya kompresa hutoka na unyevu pamoja na chembe za oili, na tundu la kulishia likizibwa upande mmoja, shafti hulalia upande huo. Chujio na kikaushio cha hewa ni sehemu ya bei ya beringi, na anayevihesabu kama nyongeza atalipia shafti.

Zile za bati zina sharti moja zaidi. Kabla hazijapata kasi ya kuelea, na tena zinapopunguza mwendo ili kusimama, shafti husugua bati. Rangi maalumu hupunguza ulaji huo lakini haiumalizi. Mtambo unaowashwa Jumatatu na kuzimwa mwisho wa mwezi utazitunza kuliko ule unaowashwa kila mteja anapofika na debe lake.